Kila Nyumba na Asubuhi Yake

Michenga, Ifakara
Jumapili, 1 Juni 2025

Mwanangu mpendwa Careen,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipata kupitia kwa Steven konda, na salamu zote zimefika bila kupungua. Mimi mama yako ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikiinama kwenye mpunga. Baba yako naye mzima, anakula na kunung'unika kama ulivyomwacha. Wewe je? Kile kifua kimepona? Hao watoto wa watu hawajakuambukiza mafua?

Steven ameniambia umekonda, na kwamba watoto wamegoma uji. Nikamkalisha chini anieleze vizuri, dereva wake akapiga honi mpaka akachoka. Nilivyoelewa ni hivi. Akina mama wanaokata miwa huko Mkamba wanakuletea watoto gizani, kabla lori halijawapitia, na watoto wanafika hawajatia kitu tumboni. Wewe unawapikia uji wa dona kila siku ya Mungu. Mwanzoni walikunywa, sasa wanakaza meno. Mwanangu, hata mimi ningekaza meno. Uji uleule kila siku ni wa wodini.

Mimi nimelea watano wa tumbo langu na wengine wa dada zangu, na hakuna aliyewahi kutoka nyumbani kwangu asubuhi akiwa na njaa. Waulize watu wa hapa. Wewe mwenyewe ulikuwa mnene mpaka sista wa zahanati akawa anakuonyesha kwa wenzake. Sasa nisikilize.

Nimekutumia mchele mpya na karanga. Mchele uloweke usiku, asubuhi utwange kidogo tu uvunjike, usiwe unga. Upike uji, na karanga uzisage laini kabisa ndipo utie. Hao wadogo usiwape karanga nzima, zinawapita njia siyo. Kesho yake usipike uji. Chemsha viazi vitamu na mayai kwenye sufuria moja, mkaa mmoja, halafu mayai waache wamenye wenyewe. Mtoto akishahangaika na ganda la yai hawezi kulikataa lile yai. Siku nyingine ponda ndizi mbivu kwenye unga wa ngano na maji, mimina kwenye kikaango kama chapati za maji. Sukari ya nini hapo? Ndizi yenyewe ni sukari.

Leo kwenye jumuiya yetu ya kanisa Getrude amesema mbele ya watu kwamba kumbe ulisoma mpaka kidato cha nne ili ukawe yaya. Nikamjibu kwamba yaya ana mtoto mmoja, mwanangu ana kumi na moja. Akaangalia kando.

Ukitaka nije, nakuja. Sema tu.

Mama yako akupendaye,
Balbina


Mkamba
Alhamisi, 12 Juni 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, na baba mpelekee shikamoo yake. Goti lipake yale mafuta, usiyatunze kama mafuta ya altare. Kifua changu kimepona. Huku kuna vumbi na masizi, mashamba ya miwa yanachomwa kabla ya kukatwa na majivu yanaangukia nguo kwenye kamba, lakini tunaishi.

Mzigo umefika wote. Mayai yamefanya kazi. Sada, yule binti wa Mwanasha, alimenya lake akalishika juu kama kikombe cha mashindano, wote wakataka yao. Uji wa mchele nao wameumaliza. Lakini mama, kuna mtoto mmoja anaitwa Lukelo, hajafika hata miaka mitano, ndiye mkubwa wao. Akila, wanakula. Akisukuma sahani, wote wanasukuma. Siku ya tatu ya viazi aliniangalia kama mzee wa baraza akasema, "Mwalimu, leo tena?" Baba yake ni Melkiori, nyapara wa wakata miwa, mtu wa Iringa. Naona mtoto karithi cheo.

Kuhusu kuja kwako, naomba usije kwanza. Usikasirike. Chumba hiki na baraza lake nimepewa mpaka msimu wa miwa uishe. Watoto wakibaki, mwenye nyumba ataniachia niendelee. Wakiondoka, narudi Michenga kupalilia mpunga, na Getrude atapata la kusema mpaka uzee wake. Nataka nisimame mwenyewe nione. Wewe nipe mawazo tu, mawazo ndiyo ninayohitaji kila asubuhi ninapowasha mkaa na sijui leo nipike nini.

Mwanao,
Careen


Michenga
Jumapili, 15 Juni 2025

Mwanangu Careen,

Marahaba mwanangu. Tunaendelea vizuri. Mafuta nimepaka, baba yako analalamika kwamba nyumba nzima inanuka hospitali.

Barua yako nimeisoma kwenye jumuiya. Pale pa Sada na yai nilisoma mara mbili, watu walicheka. Pale pa mimi nisije nilipapita.

Unataka mawazo, yapo. Boga lichemshe, lipondeponde na maziwa, tia chumvi kiduchu. Muhogo wa nazi unaujua. Perege mkavu wa Kivukoni nimekutumia, umtoe miiba wewe mwenyewe kwa vidole vyako, usimwamini mtu, umchanganye na kiazi kilichopondwa, ufinyange vidonge kiasi cha kiganja cha mtoto. Chakula kikitosha kiganjani mwake anakiona ni chake.

Lakini kinachotufaa sisi watu wa bonde hili umekisahau, na ndicho kilichokukuza wewe. Wali wa jana. Kwa nini uhangaike alfajiri wakati unaweza kupika wali mwingi jioni? Utandaze kwenye sinia upoe upesi, ufunike, uweke mahali pa baridi. Asubuhi vunja mayai humo, kitunguu, karoti iliyokunwa, kama una mchicha ukate mwembamba. Finyanga mikate midogo, kaanga kwa mafuta kidogo mpaka moto uingie ndani kabisa na pande zote ziwe na rangi. Mkate mmoja mkononi, chai ya mchaichai, basi. Mwambie na huyo mzee wa baraza wako aonje halafu asukume sahani nione.

Mimi nilikuwa nawafanyia hivyo nyie mkienda shule, na mwalimu mkuu aliwahi kuniuliza watoto wangu wanakula nini. Sikumwambia.

Mama yako,
Balbina


Mkamba
Jumatano, 2 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Hatujambo, na nafikiri leo hata majirani zangu wamesikia kwamba hatujambo.

Lukelo amekula mikate ya wali mitatu. Mitatu, mama. Wa tatu aliula amesimama. Wanaiita "mikate ya bibi", na wanakugombania kana kwamba wamekuona. Osward anasema bibi ni mrefu kuliko mlango, Sada anasema bibi ana ng'ombe. Nimewaacha.

Nimeanza kubadilisha kila siku kama ulivyosema, na watoto wameongezeka. Kuna mama aliyekuwa anampeleka mwanawe kwa yule mlezi mwingine mwenye televisheni, amemleta kwangu. Anasema kule mtoto alikuwa anapewa biskuti na chai ya rangi, anarudi amejaa katuni, tumbo tupu. Sasa baraza limejaa. Mwenye nyumba alipita jana, akasimama, akanusa, akaniuliza kama naweza kumuuzia mikate miwili.

Hii unaweza kuisoma yote kwenye jumuiya.

Mwanao,
Careen


Michenga
Jumapili, 3 Agosti 2025

Careen mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Wewe sijui.

Mwezi mzima. Nimekutumia mchele, hukujibu. Nimekutumia maboga, hukujibu. Steven anarudi na mfuko mtupu, mfuko hauna hata neno. Nikimuuliza anasema ulimsalimia vizuri. Nikambana, akasema baraza lilikuwa kimya. Kimya vipi, baraza la watoto, saa tatu asubuhi?

Kwenye jumuiya wananiuliza barua. Jumapili iliyopita niliwasomea ile ya Lukelo na mikate mitatu, nikaisoma kwa nguvu kama imefika jana. Wote wakafurahi, isipokuwa Getrude, aliyeuliza kwa upole, "Mama Careen, huyo mtoto bado anakula ile mikate mitatu ya mwezi uliopita?" Nilijibu kwamba una kazi nyingi. Nikaenda nyumbani nikatwanga mpunga ambao haukuwa na haja ya kutwangwa.

Usinipigie simu. Simu huku mpaka nipande kichuguu, na sauti yako ya simu naijua, inadanganya. Niandikie. Lolote lililotokea liandike, mimi ndiye niliyekuzaa.

Mama yako


Mkamba
Jumamosi, 9 Agosti 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili ni mzima. Hii tafadhali usiisome kwenye jumuiya.

Lukelo aliulizwa nyumbani anakula nini kwa mwalimu. Akajibu kwa furaha kabisa, kama anavyojibu yule, kwamba anakula wali wa jana. Kesho yake alfajiri Melkiori alikuja mwenyewe. Akina mama walikuwa wote barazani wananikabidhi watoto, lori linaunguruma barabarani. Akasema, polepole, kila mtu asikie: "Mwalimu, kwetu kiporo anapewa mbwa anayelinda zizi. Mwanangu amelinda zizi gani hapa?"

Nilimweleza kwamba wali ni wa jana jioni tu, kwamba unatandazwa, unafunikwa, unakaangwa na mayai. Nilikuwa nasema haraka haraka mpaka nikajisikia kama mwizi anayejitetea. Hakupaza sauti. Alimshika Lukelo mkono wakaondoka. Lukelo alikuwa analia anataka mkate.

Mama, huyu ni nyapara wao. Anayesema nani apande lori na nani abaki ni yeye. Kesho yake hawakuja sita. Wiki iliyofuata waliobaki walikuwa Sada na Osward. Wengine wako kwa mwenye televisheni. Wanawake tukikutana bombani wananisalimia vizuri halafu wanaangalia ndoo zao. Mwanasha peke yake ndiye aliyeniambia usoni kwamba Sada wake analala ameshiba, hayo mengine ni ya wanaume.

Tangu siku hiyo sijapika wali wa jana. Napika uji wa watoto wawili. Mwenye nyumba hanusi tena. Nimefunga mizigo mara mbili, nikaifungua.

Sikulaumu, usifikiri hivyo. Mimi ndiye niliyesahau kwamba huku watu wametoka kila upande wa nchi, na kila mtu ana chake kinachomtia aibu. Ila nakuomba kitu kimoja. Usije kumsemesha Melkiori. Ukija ukamsema, mimi nitakuwa binti aliyeitiwa mama yake, na hapo ndipo nitakuwa nimemaliza kabisa.

Mwanao Careen


Michenga
Jumapili, 10 Agosti 2025

Careen,

Barua yako Steven ameniletea jana ileile usiku. Nimeisoma nimesimama. Nilipomaliza nilikwenda kuchukua viatu vyangu vya misa nije huko na basi la kwanza, nikakuta havipo. Baba yako amevificha. Leo nimekwenda kanisani na kandambili, watu wamedhani ni nadhiri.

Kwa hiyo siji. Umesema nisije, nimesikia, na viatu sina.

Lakini niache niseme kwenye karatasi. Kiporo! Mchele wa Kilombero, ambao watu wanatoka Dar es Salaam na malori kuufuata, leo umekuwa wa mbwa? Huyo nyapara ana bahati ya umbali. Nimemaliza.

Sasa nisikilize kama mama. Ukirudi, chumba chako kipo na kitanda kipo, nimekitandika tangu jana ingawa sikutaka. Lakini ukirudi, urudi kwa sababu umechagua. Usirudi umeinamisha kichwa kwa kosa ambalo hukufanya. Hakuna mtoto aliyeumwa tumbo kwako. Hakuna aliyeondoka na njaa. Hilo lishike.

Baba yako anasema umuulize huyo bwana: asubuhi kwao, alipokuwa mtoto, walikuwa wanakula nini? Nimemwambia hilo ni swali la mtu aliyekaa kwenye kigoda. Naliandika tu kwa kuwa karatasi imebaki nafasi.

Kwenye jumuiya leo sikusoma kitu.

Mama yako akuombeaye,
Balbina


Mkamba
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, tena shikamoo mara nyingi, na baba umpe yake kwa mikono miwili. Kaa chini kwanza. Najua unasoma umesimama.

Lile swali la baba lilinikaa kichwani siku tatu. Siku ya nne nikamwambia Mwanasha awaambie wenzake kwamba Jumapili, kwa kuwa hakuna lori, naomba waje barazani na waume zao. Sitaki kujitetea, nataka kuwauliza jambo moja, na chai ipo. Sikutegemea waje. Walikuja, mama. Nafikiri walitaka kuona nitakavyolia. Melkiori alikuja wa mwisho, mkewe akiwa mbele yake, na alipoketi aliweka kofia kwenye goti kama mtu ambaye hatakaa.

Nikawapa chai. Nikawauliza: kila mtu aseme, alipokuwa mtoto kwao, asubuhi aliamka akala nini?

Kila mmoja aliangalia kikombe chake. Mwanasha akaanza. Akasema kwao Lindi ilikuwa muhogo wa kuchemsha na nazi, na siku nyingine bibi yake alikuwa akibandua ukoko wa wali wa usiku, akaupasha na tui, watoto wakapigana. Sikitu, ambaye ni Msukuma na hasemi kabisa, akasema michembe, viazi vilivyokaushwa vikapikwa na karanga. Halafu akaona haya, akacheka kidogo, akaongeza: "Na ugali wa jana tunaumegea kwenye maziwa mgando. Ni mtamu, jamani, msinicheke." Hakuna aliyemcheka. Mwingine akasema na kwao hivyohivyo. Mwingine akasema kwao ni makande ya jana, yakilala yanakuwa matamu zaidi. Wakaanza kukatizana. Watu wazima, mama, wanasimulia masufuria ya mama zao.

Ikabaki zamu ya Melkiori. Ndipo mkewe akamgeukia, akamwambia bila hasira yoyote: "Baba Lukelo, na wewe waambie. Ule ugali wa usiku ninaokubakizia, unaochoma kwenye mkaa kila asubuhi ukautia chumvi, ule ni nini?"

Niliogopa. Yule bwana aliangalia kofia yake. Akasema, "Ule ni ugali wa kuchoma."

"Umepikwa lini?"

Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani amekasirika, kumbe anacheka. Alipocheka yeye, baraza zima likaangua kicheko. Mwanasha alimwaga chai.

Nikaona hapo ndipo mahali pangu pa kusema. Nikawaambia kwamba kuanzia kesho kila nyumba itakuwa na siku yake. Jumatatu ni ya kwetu Kilombero. Jumanne ya Lindi, muhogo wa nazi. Jumatano Usukumani, michembe na karanga za kusaga, na maziwa mgando kwa wakubwa. Mtu mwenye siku yake anakuja alfajiri kabla ya lori, ananionyesha kwao wanavyofanya, mimi napika. Na nikasema wazi, mama: "Jumatatu yangu ni mikate ya wali, na wali wangu ni wa jana. Nautunza vizuri na naukaanga vizuri. Anayetaka alete mtoto. Asiyetaka amlete Jumanne."

Walikuwa wananiangalia. Melkiori akavaa kofia, akasimama. Nikasema moyoni, haya, basi. Akauliza:

"Na siku ya Iringa ni lini?"

Nikamwambia Alhamisi. Akasema Alhamisi ni sawa, lakini nisijaribu kupika viazi mviringo mpaka afike yeye, kwa sababu watu wa joto hawajui viazi.

Jumatatu niliamka mapema kuliko kawaida. Nilikuwa na wali wa sinia zima na sikujua nitampa nani. Wa kwanza mlangoni alikuwa Lukelo, amekuja mbio, kamba za viatu zinaburuzika. Nyuma yake baba yake. Akamkabidhi, hakuondoka. Akasimama pale kama anayetafuta kitu chini. Mwishowe akasema, "Mwalimu, hebu nipe mmoja wa njiani." Nikampa. Akaula akitembea kwenda kwenye lori, mbele ya wakata miwa wote, na alipofika alijifuta mafuta ya vidole kwenye suruali. Mama, wote waliona. Kufikia Ijumaa walikuwa wamerudi, na wamekuja wengine ambao sikuwahi kuwa nao.

Sasa ni mashindano. Sikitu amepeleka salamu mpaka Shinyanga aletewe michembe ya kweli, anasema ya huku ni ya kuigiza. Mwanasha anakuna nazi anaimba. Alhamisi Melkiori alikuja na viazi kwenye gunia dogo, akachuchumaa kwenye jiko langu, akachemsha na maganda, akamenya vya moto anapuliza vidole, akaviponda na maharage na kitunguu. Alinikataza kugusa mwiko. Lori likapiga honi, likapiga tena. Nyapara mwenyewe akachelewa kazini, wakata miwa wakampigia makofi. Watoto walikula mpaka Osward akalala na kijiko mkononi. Lukelo alikuwa anapita kwa kila mwenzake anamwambia, "Hiyo ni ya kwetu. Umeshiba? Hiyo ni ya kwetu."

Mwenye nyumba amenifungulia na chumba cha pili. Hakunitajia habari za mwisho wa msimu, aliniuliza tu nataka kipakwe rangi gani.

Mama, sasa njoo. Si kunitetea, hakuna wa kumtetea hapa. Jumatatu zangu zimekuwa kubwa, mikono yangu miwili haitoshi kufinyanga mikate, na kila mwenye siku yake ana mama au bibi anayemtaja isipokuwa mimi. Wananiuliza bibi wa Jumatatu yuko wapi. Nimewaambia yupo Michenga, anatafuta viatu.

Mwanao,
Careen


Michenga
Jumapili, 7 Septemba 2025

Mwanangu, mwalimu, mwenye vyumba viwili,

Marahaba, marahaba, marahaba. Sisi ni wazima kupita kiasi. Goti sijui limekwenda wapi, leo sijalisikia.

Barua yako nimeisoma kwenye jumuiya mara mbili, mara ya pili kwa kuombwa. Nilipofika pale, "Na siku ya Iringa ni lini?", niliwaacha wasubiri kidogo, ndipo nikaendelea. Mwenyekiti wa jumuiya alifuta macho, akasema ni moshi, moshi wa wapi sijui. Swali la baba yako nililisoma kama swali la familia. Yeye alikuwa ameketi nyuma kabisa, akainama kana kwamba anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili.

Getrude amekuja nyumbani jioni. Alizunguka sana, mara habari za kuku, mara habari za mvua, mwishowe akasema mjukuu wake hapo Ifakara hali asubuhi, mama yake amechoka, je, hiyo mikate ya wali inatiwa mayai mangapi? Nimemwambia. Ningeweza kumwambia uongo, nilifikiria. Lakini nilimwambia yote, mpaka habari ya sinia na kufunika, na nikampa karoti za kuanzia. Nikasema tu akiulizwa amejifunza wapi aseme kwa mama yake mwalimu wa Mkamba. Amekubali.

Mimi kwa upande wangu nilijua tangu mwanzo. Muulize mtu yeyote. Nilisema huyu binti ana kichwa na ana mkono, na hata hiyo siku alipoleta barua ya kuinamisha kichwa nilisema atainuka. Kwamba nilitandika kitanda, hiyo ni kawaida ya mama, haihesabiki.

Nimetwanga mchele. Nina mayai yamefungwa kwenye pumba yasivunjike, nina perege wa Kivukoni, nina mchaichai wenye mizizi yake tuupande nyuma ya hicho chumba cha pili. Rangi mwambie apake ya udongo, ndiyo haionyeshi mikono ya watoto. Baba yako ametoa viatu. Alikuwa amevificha ndani ya ghala, kwenye mpunga, na vimetoka vinanukia shamba. Ameviweka mlangoni yeye mwenyewe, amevipaka rangi.

Steven haibebi barua hii. Nimemwambia anibebe mimi. Kesho ni Jumatatu, na Jumatatu ni ya kwetu, kwa hiyo nimemlazimisha aje anichukue na basi la usiku wa manane, nifike kabla ya lori. Nimeandika tu ili usije ukasema nimekuja bila kuarifu.

Hapo unapoisoma mimi nipo mbele yako, kiroba kipo kichwani, na watoto nadhani wananiangalia kama kweli nimeupita mlango kwa urefu. Soma upesi unitue.

Mama yako,
Balbina, bibi wa Jumatatu